Nuru na Sauti: Jinsi Watu Walivyojifunza Kutazama Ndani ya Mwili

Leo tutaacha wafalme na vita tutazame historia ya kuona. Tutauliza hivi: binadamu alipataje kutazama ndani ya mwili wa mwenzake aliye hai, bila kumpasua?

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne kwa herufi kubwa: NURU, SAUTI, MWANGWI, MSHIPA. Wanafunzi wayanakili sasa, maana yatarudi mara nyingi.

Tuanze na jambo mnalolijua vema. Mvua ikikaribia, umeme humulika mawinguni, kisha baada ya kitambo kidogo twasikia ngurumo. Mwanga hufika papo hapo, kwa kuwa nuru husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Ngurumo huchelewa, maana sauti hewani huenda kama meta 340 tu kwa sekunde. Hesabu sekunde tangu uone umeme mpaka usikie ngurumo, kisha gawanya kwa tatu. Ukihesabu sita, umeme ule ulikuwa mbali nawe kama kilometa mbili. Na ngurumo yenyewe yatoka wapi? Umeme huipasha hewa moto mkali kwa ghafula. Hewa hutanuka kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho ngurumo.

Shikeni sana mfano huu. Mashine nitakayowaeleza baadaye hufanya mambo hayohayo mawili. Humulika umeme mdogo ndani ya mwili wa mgonjwa, kisha husikiliza ngurumo yake.

Sasa twende katika mwaka wa 1880. Mwaka huo yaligunduliwa mambo mawili, moja Marekani na la pili Ufaransa. Wagunduzi wake hawakujua kwamba siku moja mambo hayo yangekutana kitandani pa mgonjwa.

La kwanza lilikuwa la Bwana Alexander Graham Bell. Alizaliwa Edinburgh, katika nchi ya Uskochi, mwaka wa 1847, akahamia ng'ambo. Watu humkumbuka kwa sababu ya simu, aliyopewa hati yake mwaka wa 1876. Lakini yeye mwenyewe alikihesabu chombo kingine kuwa kikubwa kuliko simu. Pamoja na msaidizi wake, Charles Sumner Tainter, alitengeneza mjini Washington chombo cha kupeleka maneno ya mtu juu ya mwale wa jua, bila waya hata mmoja. Walituma maneno kutoka paa la shule mpaka dirisha la chumba chao cha kazi, umbali wa meta 213, yakasikika. Ila wingu likipita, mazungumzo hukatika. Simu ya namna hiyo nani angeinunua? Basi haikuenea.

Hata hivyo, katika majaribio yale Bwana Bell aliona jambo la ajabu. Alichukua sahani yenye matundu, akaizungusha mbio mbele ya mwale wa jua, hata nuru ikawa inakatika na kurudi, inakatika na kurudi, mara nyingi kwa sekunde. Nuru hiyo iliyokatwakatwa akaiangusha juu ya kipande chembamba cha mpira mgumu, akatega sikio. Kile kipande kikalia! Hakuna aliyekigusa wala kukipiga. Nuru peke yake ilikitoa sauti.

Wale mabwana wawili wakaanza kujaribu kila kitu kilichokuwa karibu nao: pamba, sufu, hariri, mbao, madini. Karibu kila kitu kililia, ila vingine kwa sauti hafifu. Nguo nyeusi zililia zaidi kuliko nyeupe. Na kilichoshinda vyote kilikuwa masizi, yale yale masizi ya taa ya mafuta au ya chungu cha jikoni.

Kwa nini? Mwenye nyumba ya mabati anajua jibu. Asubuhi jua likianza kuwaka, bati husikika juu ya paa, ta! ta! Bati limepata joto, limetanuka, nalo hulia likitanuka. Jioni likipoa husinyaa, likalia tena. Kitu cheusi hunywa nuru nyingi, hivyo hupata joto na kutanuka zaidi kuliko cheupe, ambacho huirudisha nuru ilikotoka. Nuru ikija na kukatika mara mia kadhaa kwa sekunde, kitu hutanuka na kusinyaa mara hizohizo, nayo ndiyo sauti. Mlikumbuke sana jambo hili la masizi na nguo nyeusi. Kabla ya kuagana tutaona kuwa linatuhusu sisi wenyewe.

Jambo la pili la mwaka wa 1880 lilitokea Paris. Ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba mawe fulani yanayong'aa kama kioo, moja lao likiitwa kwatsi, yakibanwa hutoa umeme kidogo. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba kinyume chake ni kweli pia: jiwe hilo likitiwa umeme hubadilika umbo, likatikisika. Jiwe la namna hii, basi, laweza kuwa mdomo na sikio. Ukilitia umeme, hupiga kelele. Kelele ikirudi na kuligonga, hutoa umeme unaoweza kupimwa. Huyu Pierre ndiye baadaye aliyemwoa Bibi Marie, aliyegundua radiamu pamoja naye.

Kwa miaka mingi jiwe lile halikupata kazi kubwa. Kazi ilitoka baharini. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli kubwa iitwayo Titanic iligonga jabali la barafu, ikazama kabla ya mapambazuko. Watu wakauliza, je, haiwezekani meli kupiga sauti majini na kusikiliza mwangwi wake, ili ijue mbele kuna nini? Miaka miwili baadaye vita kuu ikaanza, na manowari za Kijerumani ziendazo chini ya maji zikawa zinazamisha meli. Mwanafunzi wa zamani wa Pierre Curie, Paul Langevin, akalitwaa jiwe la kwatsi. Kufika mwaka wa 1917 alikuwa ametengeneza chombo cha kupigia mawimbi ya sauti chini ya maji na kupokea mwangwi.

Sauti ile haisikiki kwa sikio la binadamu. Sikio letu hukoma kwenye mitikisiko kama 20,000 kwa sekunde. Lakini wako viumbe waliokuwa wakiitumia sauti ya juu kuliko hiyo kabla ya Langevin. Mmoja ni popo anayeruka kwenye miembe yenu usiku. Padre mmoja wa Italia, Lazzaro Spallanzani, alionyesha katika mwaka wa 1793 kuwa popo aliyepofushwa huruka bila kugonga kitu. Mwenziwe wa Geneva, Louis Jurine, akaziba masikio ya popo, na popo wale wakagonga kila kitu. Wakubwa wa elimu wa siku zile walidharau habari hizi. Ilipita karibu miaka 150, hata mwaka wa 1938, ndipo huko Harvard, Marekani, Donald Griffin na George Pierce walipoonyesha kwa mashine kuwa popo hupiga sauti isiyosikika nasi, akafuata mwangwi wake.

Kutoka baharini chombo cha mwangwi kiliingia viwandani, kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Na kutoka kiwandani ndipo kilipoingia hospitali, tena kwa njia ambayo mimi huipenda kuliko habari zote za somo hili.

Daktari Ian Donald alikuwa profesa wa magonjwa ya wanawake na uzazi katika mji wa Glasgow, Uskochi. Alipokuwa kijana alisoma kwa muda huko Cape Town, Afrika Kusini, na wakati wa vita ya pili alikuwa katika jeshi la anga la Uingereza, mahali alipozoea mashine za kutafutia vitu kwa mwangwi. Mwaka wa 1955 alisikia kuwa kiwanda cha mitungi ya mvuke karibu na Glasgow kina chombo cha kupimia vyuma. Akapakia katika magari mawili uvimbe wa kila namna uliokatwa kwa wagonjwa wake, mwingine mgumu na mwingine wa maji, akaupeleka kiwandani. Wenye kiwanda nao wakatoa donge la nyama ya ng'ombe kwa kulinganisha. Fikirini sura za mafundi wa chuma siku ile! Lakini jibu lilikuwa wazi. Uvimbe wa maji ulitoa mwangwi wa namna moja, na uvimbe mgumu wa namna nyingine.

Haukupita muda, akaletwa mwanamke aliyehukumiwa na madaktari kuwa ana kansa ya tumbo isiyo na dawa. Daktari Donald akampima kwa mwangwi. Alichokiona ni mfuko mkubwa wa maji. Yule mama akapasuliwa, mfuko ukatolewa, akapona. Tarehe 7 Juni 1958 Daktari Donald na wenzake, John MacVicar na fundi Tom Brown, walichapisha habari zao katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet. Leo chombo hicho twakiita ultrasaundi. Akina mama wengi katika madarasa yenu wamekwisha kupakwa ule ute baridi tumboni na kuonyeshwa mtoto akicheza.

Lakini ultrasaundi ina upungufu. Yaonyesha umbo: hapa pana maji, hapa pana nyama, huu ni mfupa. Huweza pia kuonyesha damu inayokwenda katika mishipa mikubwa. Haisemi vizuri kama damu ile ina oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa itupayo uhai, wala haioni vema mishipa midogo sana. Kwa macho ya mwangwi, uvimbe wa hatari na uvimbe usio na hatari huweza kufanana kama mapacha.

Nuru ndiyo ijuayo habari za damu. Jaribuni hivi leo usiku. Zimeni taa, mtu ashike tochi, aiwashe na kuifunika kwa vidole. Vidole vitang'aa vyekundu. Nuru imepita ndani ya nyama, na damu imeipa rangi. Lakini tazameni vizuri: mifupa haionekani, wala mipaka ya mishipa. Mnaona wekundu tu, kama taa za gari katika ukungu wa alfajiri. Nuru ikiingia mwilini hutawanyika kila upande, na baada ya milimeta moja hivi imekwisha kupoteza njia yake.

Hata hivyo ukungu huo ulitoa faida. Huko Japani, fundi Takuo Aoyagi aligundua katika miaka ya 1970 kuwa, ukipitisha nuru ya rangi mbili katika kidole au sikio na kutazama jinsi inavyopungua kila moyo unapopiga, waweza kujua damu ina oksijeni kiasi gani. Damu yenye oksijeni ni nyekundu sana. Isiyo nayo ni nyeusi zaidi, nazo hunywa nuru tofauti. Kile kibanio cha kidoleni kilichoonekana kila mahali wakati wa ugonjwa wa korona ni kazi yake. Bwana Aoyagi alifariki Aprili 2020, wakati dunia nzima ilipokuwa inakihitaji chombo chake.

Basi mambo yalikuwa hivi. Nuru inajua habari ya damu, lakini imepotea njia. Sauti inajua njia, maana ndani ya nyama haitawanyiki sana kama nuru, lakini haijui rangi. Ingekuwaje kama nuru ingetumwa kuingia, na sauti ikatoka kuleta habari?

Hapa ndipo ugunduzi wa Bell wa mwaka wa 1880 ulipofufuka. Ulikuwa umelala muda mrefu kwa kukosa nuru yenye nguvu inayoweza kukatwa upesi. Mwezi wa Mei 1960, huko California, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza. Leza huweza kutoa mmuliko mmoja mfupi mno, hata sehemu chache za sekunde iliyogawanywa mara milioni elfu. Mwaka wa 1981, Theodore Bowen wa Chuo Kikuu cha Arizona alieleza jinsi mwili unaopashwa joto kwa ghafula unavyoweza kupigwa picha kwa kusikiliza sauti unayotoa. Katika miaka ya 1990 Robert Kruger na Alexander Oraevsky, kila mmoja na wenzake, wakaanza kutumia leza kwa kazi hiyo.

Sikilizeni jinsi inavyofanya kazi. Mmuliko wa leza huingia mwilini na kutawanyika. Damu huunywa. Joto la mshipa hupanda kidogo sana, kama sehemu moja kwa elfu ya digrii, na mgonjwa hasikii lolote. Lakini mshipa umetanuka, nao umelia. Sauti yake hutembea katika nyama kama meta 1,540 kwa sekunde mpaka kwenye masikio ya mashine, yaliyo ngozini. Masikio hayo ni yale yale ya ultrasaundi, wajukuu wa jiwe la akina Curie. Sauti ikichelewa kama sehemu 20 za sekunde iliyogawanywa mara milioni, mshipa uko kina cha sentimeta tatu. Mnaona? Ni ile hesabu yetu ya umeme na ngurumo. Kisha leza hubadilishwa rangi, mlio hupimwa tena, na kwa kulinganisha milio miwili hujulikana kama damu ile ina oksijeni. Wataalamu wameipa elimu hii jina la fotoakustiki. Sisi tuiite picha ya nuru na sauti.

Mwaka wa 2003 mtaalamu mzaliwa wa China, Lihong Wang, akiwa Texas pamoja na wenzake, alionyesha picha ya ubongo wa panya aliye hai. Ngozi na fuvu la panya havikufunguliwa. Walipozigusagusa sharubu zake za upande mmoja, sehemu ya ubongo inayopokea habari za sharubu ikajaa damu, na picha ikaonyesha. Nadhani siku ile wengi walioshuku walinyamaza.

Faida yake kwa mgonjwa ni nini? Mwaka wa 1971 Daktari Judah Folkman wa Boston alieleza kwamba uvimbe wa kansa hauwezi kukua kupita kiasi kidogo bila kujivutia mishipa mipya ya damu. Ni kama mtu anayechepua mfereji kutoka shamba la jirani. Mishipa hiyo huwa ya ovyo ovyo, nayo kansa hutumia oksijeni kwa pupa. Sasa mama ana donge katika titi. Ultrasaundi yaonyesha donge lipo, lakini ni la namna gani? Daktari humchoma sindano nene achukue kipande cha nyama kipimwe. Wengi hukutwa hawana kansa, baada ya siku nyingi za hofu. Chombo kinachoonyesha umbo na damu pamoja chaweza kumpunguzia mama safari hiyo.

Mwaka wa 2018 kundi la Profesa Wang lilipiga picha ya titi zima kwa sekunde kama 15, muda ambao mtu aweza kuzuia pumzi, hadi kina cha sentimeta nne. Katika uvimbe tisa waliotazama, minane ilionekana wazi. Ni hesabu ndogo, tusiikuze. Januari 2021 serikali ya Marekani iliruhusu mashine iitwayo Imagio itumike kwa wanawake wenye uvimbe wa titi. Kishikio chake kimoja hubeba leza na ultrasaundi pamoja. Picha ya umbo na picha ya damu hulazwa moja juu ya nyingine, daktari akasoma zote mbili kwa mara moja.

Ina mipaka yake. Nuru haifiki mbali kuliko sentimeta chache, basi ini la mtu mnene halitaonekana vizuri. Mapafu yamejaa hewa, na hewa huzuia sauti ile. Bei yake nayo ni kubwa. Katika hospitali zetu nyingi bado hata ultrasaundi ya kawaida hungojewa kwa foleni.

Na sasa, yale masizi. Kitu cheusi hunywa nuru nyingi na kulia sana. Ngozi yetu ina rangi iitwayo melanini, inayotukinga na jua kali, nayo ni mnywaji mkubwa wa nuru. Leza ikiipiga ngozi nyeusi, sehemu ya nuru huishia juu, ngozi yenyewe hulia kwa nguvu, na nuru inayofika kwenye mshipa huwa imepungua. Mashine iliyofundishwa kwa ngozi nyeupe huweza kukosea hesabu ya oksijeni.

Hofu hii ina ushahidi. Mwezi wa Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walitangaza uchunguzi wao wa kile kibanio cha kidoleni. Walitazama wagonjwa ambao kibanio kilisema wana oksijeni baina ya 92 na 96 kwa mia. Damu yenyewe ilipopimwa, wengine walikuwa chini ya 88, yaani hatarini. Kwa Weupe, kosa hilo lilionekana mara kama 4 katika kila 100. Kwa Weusi, mara kama 12. Chombo hicho kilikuwa kimekwisha kutumika hospitalini kwa miaka mingi! Mtu aliyeishiwa hewa huweza kurudishwa nyumbani kwa sababu namba ilisema hajambo. Mimi naona chombo kilichojaribiwa kwa watu wa rangi moja hakijamaliza kujaribiwa.

Wenye kutengeneza mashine za nuru na sauti wanalijua jambo hili. Wengine huchagua nuru ambayo melanini hainywi sana, ile iliyo mbali kupita wekundu unaoonekana kwa jicho. Wengine hupima kwanza rangi ya ngozi, kisha husahihisha hesabu. Kazi hiyo haijakamilika, na watu wa kuipima mashine kwa haki wako huku kwetu kwa mamilioni.

Mwalimu, kabla ya kufunga darasa, waachie wanafunzi maswali mawili. La kwanza: kwa nini ngurumo hufika baada ya umeme, na daktari hutumiaje ucheleweshaji huo? La pili: nguo nyeusi na nguo nyeupe zikianikwa juani, ipi hupata joto upesi, na kwa nini? Juma lijalo tutasoma historia ya miwani. Kwaherini.